Chemosit na Mwavuli wa Menengai

Ukishuka kutoka soko la Bondeni kuelekea reli, utakuta taruma moja la zamani, lile gogo la kubebea reli, limelazwa juu ya mawe mawili, mbele ya ukumbi wa video wa Celestine. Hapo ndipo kijiweni. Mbao ya taruma hilo imekunywa mafuta ya garimoshi hadi mchwa wakaikatia tamaa, na ukilikalia na suruali nyeupe utarudi nyumbani na ushahidi. Hapo hunywewa kahawa chungu ya tangawizi ya Njoki, ambaye jina lake la kijiweni ni Serikali, kwa sababu ndiye anayeamua nani apate na nani angoje. Ile serikali nyingine, ya Nairobi, imeangushwa hapo mara nyingi kabla ya saa nne asubuhi, na makocha wa mpira wamefutwa kazi bila barua. Lakini Jumamosi hii hakuna aliyetaja siasa. Gedion, ambaye Bondeni yote inamwita Maiki, alikuwa ameinamia simu kama mtu anayechambua mawe kwenye maharagwe, kahawa yake imepoa, na alipoinua kichwa alikuwa na sura ya mtu ambaye ukimuuliza habari atakutukana.

— Niaje, Maiki? akasema Travis, kijana wa kutengeneza simu, akijisogeza karibu.

— Usiniulize niaje.

— Ni salamu tu, buda.

— Na mimi nimekujibu salamu. Si poa. Umeridhika?

Njoki akaimwaga ile kahawa iliyopoa, akamjazia nyingine bila kuombwa. Serikali nayo ina huruma zake.

— Kipindi cha mwisho kimekuja? akamuuliza.

— Kimekuja.

— Si ungefurahi?

— Kimekuja bila maandishi, Njoki. Chini hakuna kitu. Hakuna Kiingereza hata cha kuombea maji. Ni Kijapani kitupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na saa tisa wale watoto wanataka kujua Chepchirchir amesema nini.

Kazi ya Gedion ilikuwa kusema. Celestine huweka filamu ya kigeni, sauti yake ikapunguzwa, na Gedion akasimama kando ya skrini na maikrofoni, akiwapa watu wa kwenye picha maneno ya Kiswahili. Shule aliiacha Olenguruone akiwa darasa la saba. Kiingereza alijifundisha mwenyewe kwa kusoma yale maandishi ya chini ya filamu, akisimamisha picha na kufungua kamusi, akisimamisha na kufungua, hadi rimoti mbili zikafa mkononi mwake. Wako wasimulizi wanaojaza picha kwa vichekesho vyao wenyewe. Gedion aliwadharau hao kama mkulima anavyomdharau muuza mbegu bandia. Yeye hasemi asichokiona. Majina tu ndiyo aliyojipa ruhusa kubadilisha, na hayo yalibatizwa papa hapa kijiweni. Miezi kadhaa sasa ukumbi ulikuwa unajaa kwa ajili ya hadithi moja ya michoro kutoka Japani, ya msichana mdogo anayetembea nchi hadi nchi akifuata mto uliotoweka. Msichana huyo wakamwita Chepchirchir. Mpiga upanga wake akaitwa Oduor, kwa sababu Dalmas, mchomeleaji wa kijiweni, alikataa kata kata hadithi isiyo na Mjaluo. Na lile zimwi la mguu mmoja, lenye mdomo mwekundu unaowaka kama taa, linalomfuata msichana kutoka kipindi cha kwanza, Gedion hakuhitaji ushauri wa mtu. Alilijua tangu akiwa mtoto. Lilikuwa Chemosit, lile linalokula watoto.

Mlango wa ukumbi ukafunguka, Celestine akatoka na ufagio.

— Maiki, watoto wa mtaa wa Rhonda wameshaanza kufika, na bado ni asubuhi.

— Wafike.

— Nakuambia mbele ya hawa mashahidi wako. Leo ligi ya Uingereza inafunguliwa, na mechi kubwa iko saa tisa, saa ile ile ya katuni yako.

— Si katuni, akasema Travis. Ni anime. Watu wanakosea sana hapo.

— Wewe nyamaza, tunaongea mambo ya watu wazima kuhusu katuni. Maiki, nimekupa hii saa tisa kwa heshima. Watu wakikaa hadi mwisho, Jumamosi zinabaki zako. Wakiinuka katikati, kuanzia wiki ijayo hapa ni mpira tu. Na mpira huja na msemaji wake.

Akafagia vumbi likawafuata miguuni, akarudi ndani.

Gedion akakung'uta vumbi miguuni. Kabla ya maikrofoni alikuwa anapakia magunia ya mahindi kwenye malori, na mgongo wake bado ulikuwa unakumbuka kila gunia kwa jina. Lakini si mgongo uliomtisha. Kilichomtisha ni kukaa kwenye ukumbi ule kama watu wengine, kimya, huku Mwingereza asiyemwona akisema badala yake.

— Sasa shida ni nini? akauliza Dalmas, aliyekuwa amefika na miwani yake ya kuchomelea ikining'inia shingoni. Jina lake la kijiweni ni Stesheni, kwa kuwa babu yake alifanya kazi reli, na kwa sababu hiyo hulihesabu lile taruma kuwa urithi wa familia. Mwisho ni mwisho, akaendelea. Chemosit anakufa, Chepchirchir anaolewa, watu wanapiga makofi.

— Stesheni, sikiliza. Chemosit anafika kwenye shimo la moto. Mlima umepasuka, moto unachemka ndani. Jeshi la Chifu, yule anayemwinda mtoto, liko nyuma, linakuja. Chemosit anainama. Chepchirchir anapanda mgongoni mwake. Wanaruka ndani.

— Ndani ya moto?

— Ndani. Picha inakuwa nyeupe. Halafu unamwona mtoto yuko ng'ambo ya shimo, mzima, peke yake. Anageuka, anaangalia shimo, analia, anasema maneno mengi. Mengi sana! Halafu imeisha.

— Na Chemosit?

— Hayuko.

— Amemla?

— Angemla, angekuwa ng'ambo?

— Labda alimtapika.

Gedion akamtazama Dalmas kwa muda, akihesabu kimoyomoyo sababu za kutompiga.

— Miezi yote hii, akasema polepole, nimewaambia watoto huyu anataka kumla. Nimewafundisha hata wimbo. Akitokea tu, ukumbi mzima unaimba "Chemosit, rudi msituni," na njugu zinaruka kwenye skrini. Leo nitawaambia nini? Kwamba amegeuka kuwa gari la wagonjwa?

— Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha, akasema Dalmas. Kwa hivyo amemla nusu. Swali ni nusu gani.

— Wahenga walikosa kukujua wewe.

— Tuanze na mambo ya msingi basi. Chemosit wenu ana makalio mangapi?

— Tisa, akasema Gedion bila kusita.

— Mguu mmoja, makalio tisa?

— Ndivyo nyanya yangu alivyosema. Nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, na mdomo wa kuwaka. Anaimba gizani, watoto wanafikiri kuna ngoma, wanamfuata. Nyanya yangu hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Alisema tisa.

— Simamisha picha tuhesabu. Yakifika tisa, ni wenu. Yakipungua hata moja, huyu si Chemosit, na umekuwa ukimharibia mtu jina.

Vichwa vitatu vikainamia simu, na cha Njoki kikaja juu yake. Picha ikasimamishwa, ikakuzwa, ikageuzwa. Zimwi lilikuwa limevaa joho refu la nyasi, kutoka mabegani hadi kwenye ule mguu wake.

— Amejifunika, akasema Travis.

— Ndio ujue kuna kitu anaficha, akasema Gedion.

— Mimi pia nimevaa koti, akasema Njoki. Kwani ninayo tisa?

Hakuna aliyethubutu kujibu, maana birika lilikuwa mkononi mwake.

— Mnapoteza wakati, akasema Dalmas akivuta pumzi ya mtu anayeanza hotuba. Nitawaambia huyu ni nani. Huyu ni kivuli cha Oduor.

— Oduor alikufa, akasema Gedion. Mwenyewe ulifunga karakana ukaomboleza.

— Mwili ulikufa. Lakini Mjaluo hafi hivyo. Huko ziwani tulikuwa na jamaa wa mwili wa jiwe. Mkuki ukimgonga unapinda. Nguvu zake zote zilikuwa kwa kivuli. Mnajua vizuri, kwa sababu nyinyi watu wa milimani ndio mlimletea bibi, mpelelezi, akaenda kuwaambia mahali pa kuchoma.

— Tulimpa msichana mzuri, mwenye adabu, akasema Gedion, na damu ikaanza kumpanda kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa mshenga. Jamaa yenu akaugua kidogo akamwambia siri yote. Sasa hapo tulaumiwe sisi? Mwanamume hawezi kunyamaza hata ndani ya hadithi!

Njoki akacheka hadi kifuniko cha birika kikapiga makofi.

— Cheka, lakini jibu hili, akasema Dalmas. Simama juani, simama upande hivi. Kivuli chako kina miguu mingapi?

Akainuka, akasimama ubavu kwenye jua. Wote wakatazama chini. Kilikuwa na mguu mmoja.

— Waah! akasema Travis.

— Umeona? Mguu mmoja. Oduor alikufa, kivuli kikabaki kikimfuata mtoto kumlinda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndiyo maana limebaki moja.

— Oduor alikufa kipindi cha katikati, akasema Gedion. Chemosit yuko tangu cha kwanza. Kivuli kilimtangulia mwenyewe?

— Jua likiwa nyuma yako, kivuli kinatangulia. Hiyo ni sayansi ya darasa la pili.

Gedion alikuwa bado anatafuta tundu la kupenya katika hoja hiyo, akakasirika zaidi kwa kutoliona, Njoki alipoweka birika chini na kujipangusa mikono. Serikali ilitaka kutoa tamko.

— Nyinyi mmeangalia mguu. Hakuna aliyeangalia kichwa. Hicho kitu kichwani ni nini?

— Kofia, akasema Gedion.

— Kofia gani inakunjuka? Kipindi kile cha mvua ilifunguka, ikakunjana tena. Huo ni mwavuli. Sisi watu wa kule Bahati tumelala tukiangalia mlima wa Menengai maisha yetu yote. Cucu yangu, nyanya, aliuona mvua ikianza. Mwavuli mkubwa, unaruka wenyewe juu ya shimo, hakuna anayeushika. Na mbuzi wakienda huko wanapotea, na watu wanapotea, wanarudi baada ya siku mbili hawajui walikuwa wapi. Sasa mlima umepasuka, moshi unatoka, mtoto anaingia ndani, anatokea ng'ambo. Hiyo ni Japani? Hiyo ni Menengai! Mimi naona hata mahali pa kuegesha magari.

— Mathe, subiri, subiri! akasema Travis, akiruka kutoka kwenye taruma huku kidole kikikimbia kwenye simu. Manze, subiri hivyo hivyo usisonge. Mnajua Wajapani wako na jini la mwavuli? Si mchezo. Mwavuli ukizeeka, ukitupwa, unapata roho. Unatoa jicho moja, ulimi mrefu mwekundu, na mguu mmoja. Mguu mmoja! Unarukaruka barabarani ukitisha watu. Cheki hii picha.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Kweli, palikuwa na mchoro wa kale wa mwavuli uliokunjwa, mpini wake umekuwa mguu, ulimi nje.

Njoki akaushika mdomo wake.

— Ndio huyo.

— Ndio nani? akauliza Gedion.

— Ndio huyo cucu aliona!

— Sasa connect, akasema Travis, sauti imeshuka kama ya mtu anayeuza siri. Menengai si wamechimba mvuke? Na kwa mvuke si kunakujanga wageni, mainjinia? Kuna mmoja wao lazima alikuwa Mjapani. Akaona mwavuli unaruka. Akauchora. Akaenda nao kwao. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na bando ya mwezi ni kuona yote.

— Hapana, akasema Njoki. Ni yeye aliuleta. Shemeji yangu alikuwa anawapikia watu wa mitambo. Aliniambia kuna mgeni mmoja alipoteza mwavuli, akautafuta kila mahali, akasafiri bila.

— Lakini cucu yako aliuona kabla ya mitambo, akasema Gedion. Kabla ya Uhuru!

— Basi alikuja mapema.

— Nani alikuja mapema?

— Mwavuli. Ulitangulia mwenyewe. Si Stesheni amesema hiyo ni sayansi?

Dalmas akainua kikombe kumpongeza, kisha akakishusha ghafla. Macho yalimtoka. Wazo lilikuwa limemwingia, na Dalmas wazo likimwingia huwa halipati mlango wa kutokea isipokuwa mdomo.

— Watu wangu. Kazi ya mwavuli ni nini?

— Kuzuia mvua, akasema Travis.

— Na jua likiwaka?

— Kutoa kivuli.

— Kivuli! akapiga kelele Dalmas. Kivuli cha Oduor! Mwavuli wa Menengai unatoa kivuli cha Oduor kwa mguu wa Chemosit. Wote ni mtu mmoja! Maiki, nenda ndani uwaambie hivyo, mambo yamekwisha. Umoja ni nguvu, na chelewa chelewa utapata mwana si wako, kwa hivyo harakisha.

— Mko na wazimu! akafoka Gedion.

Alikuwa amesimama. Alipiga kikombe juu ya jiwe, kahawa ikamrukia mkononi, naye hata hakuisikia.

— Nimewaita mnisaidie, mnaniletea maghorofa bila msingi! Nikisema pale ndani kwamba huyu ni mwavuli, mtoto wa miaka sita ataniuliza, Maiki, umeona wapi mwavuli ukilia? Mimi nasema ninachokiona. Siku nikianza kusema nisichokiona, Celestine ana haki aweke mpira. Mpira angalau ukiingia wavuni umeingia!

Treni ya mizigo ilikuwa inajivuta mbali, upande wa stesheni. Njoki akainamisha birika juu ya kikombe cha Gedion. Kikatoka kijito kimoja cheusi, kisha machicha ya tangawizi.

— Hiyo ilikuwa ya mwisho, akasema. Na umeimwaga.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipowafikia, amevaa gambuti zenye udongo mwekundu na leso ya kichwa imelowa kidogo. Akauliza kama kuna kahawa. Akaambiwa imekwisha. Akauliza kama anaweza kukaa tu, gari la viazi alilokuja nalo limeenda kujazwa upepo.

— Kaa, mathe. Umetoka wapi? akauliza Dalmas.

— Keringet.

— Chamgei, akamsalimu Gedion kwa Kikalenjin, akijaribu kuishusha sauti.

— Chamgei mising.

— Keringet ya wapi? Wewe ni wa nani?

— Naitwa Winrose. Wa kwa mzee Bethwel, wa pale juu ya kiwanda cha maziwa.

Gedion akaitikia kwa kichwa. Sasa angeweza kumsogezea nafasi, naye akakaa. Winrose akawatazama mmoja mmoja, akaona nyuso zilizowaka.

— Kuna msiba?

Wakamweleza. Ilikuwa kosa kumweleza wote kwa pamoja. Dalmas alianzia kwenye kifo cha Oduor, Njoki akaanzia Menengai, Travis akamwekea simu mbele ya pua, na Gedion akawanyamazisha wote mara tatu ili aanze upya kwa utaratibu: msichana, mto uliotoweka, jeshi la Chifu, zimwi, shimo la moto, kuruka. Winrose alisikiliza vizuri. Aliitazama ile picha ya msichana akipanda mgongoni mwa zimwi, mikono midogo imelishika lile joho la nyasi.

— Pole sana, akasema. Ni hadithi ngumu. Lakini huyu mtoto ni wa nani?

— Ni Chepchirchir, akasema Travis.

— Hilo ni jina. Nauliza ni wa nani.

— Ni wa… akaanza Dalmas.

Wakamngoja.

— Si aliokotwa mtoni? akasema Njoki. Kipindi cha kwanza. Alikuwa kwenye kikapu.

— Aliokotwa na nani?

— Na yule mzee mvuvi, akasema Travis. Lakini yule mzee si babake. Alisema hamjui.

— Na kwenye kikapu aliwekwa na nani?

Travis akapekua simu, akapekua tena, akaiweka mfukoni, jambo ambalo kijiwe hakikuwahi kuliona. Njoki akaanza kuosha vikombe ambavyo alikuwa ameshaviosha. Gedion akaona aibu, si kwa sababu hakujua. Ni kwa sababu hakuwa ameuliza. Watu wa taruma hili hawawezi kumpa mgeni nafasi ya kukaa kabla ya kujua ukoo wake na jina la babake. Huyu mama amekaa hapa muda wa kufunga kamba ya kiatu na wameshajua hadi kiwanda cha maziwa kilicho chini ya boma lao. Na mtoto wa watu ametembea nao miezi mingi, nchi hadi nchi, bila mama, bila baba, na hakuna hata mmoja wao aliyesema, hebu simama, wewe ni wa nani?

Honi ikalia barabarani. Winrose akainuka, akajipangusa nyuma, akaona taruma limemwachia alama, akacheka.

— Mtaniambia siku nyingine, akasema, na gari la viazi likaondoka naye.

— Huyo mama ameuliza swali mbaya sana, akasema Dalmas.

Hakuna aliyeongeza methali.

Saa tisa ukumbi ulikuwa umejaa hadi watoto wengine wakakaa kwenye madirisha. Nyuma, karibu na mlango, walisimama vijana wenye jezi, mikono kifuani, wakingoja katuni ishindwe. Celestine alikuwa ameketi kando ya televisheni ya pili, ile ya mpira, na rimoti mapajani. Gedion akasimama mahali pake, akapuliza maikrofoni, na mwanzo ulikwenda vizuri, maana jeshi linalokimbia halihitaji tafsiri. Alisema alichokiona. Farasi, mishale, moshi. Kisha zimwi likatokea kwenye ukingo wa shimo, mdomo ukiwaka, na ukumbi ukalipuka.

— Chemosit, rudi msituni! Chemosit, rudi msituni!

Njugu zikanyesha kwenye skrini. Zimwi likainama. Gedion akaleta maikrofoni mdomoni na akaangalia, akaangalia kama mtu anayekata kitambaa cha mteja.

— Chemosit ameinama, akasema. Hajamshika mtoto. Hajamwita. Mtoto anakuja mwenyewe. Anapanda. Haulizi ashike wapi. Anaweka sikio mgongoni, hivi. Amefunga macho.

Wimbo ukapungua, ukabaki kwa sauti mbili tatu za nyuma, kisha zikaona haya.

— Wameruka, akasema Gedion.

Skrini ikawa nyeupe. Msichana akaonekana ng'ambo, peke yake, akageuka kulitazama shimo, na midomo yake ikaanza kwenda. Ndipo pale alipopaogopa tangu asubuhi. Ukumbi wote ukamgeukia Gedion. Celestine pia alimtazama, na kidole chake kilikuwa juu ya rimoti.

— Hapa anasema maneno ambayo mimi siyajui, akasema Gedion. Sitawadanganya. Ila nami nina swali, na nimelibeba tangu asubuhi. Huyu mtoto ni wa nani?

Akaizima maikrofoni. Akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya picha, sauti ambayo kwa miezi yote hiyo alikuwa akiipunguza yeye mwenyewe, na kwa mara ya kwanza Bondeni ikamsikia Chepchirchir kwa sauti yake. Ilikuwa sauti ndogo, nyembamba, yenye mafua ya kulia. Alisema, akanyamaza, akasema. Neno moja alilirudia na kulirudia akiliambia shimo, kama mtu anayeita nyumba aliyoizoea. Hakuna aliyejua maana yake. Mkono mmoja wa mtoto wa mbele ulikuwa juu, umeshika njugu, ukabaki hapo hapo juu.

Picha ikaisha. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyepiga makofi pia, na Gedion akahisi mgongo wake ukianza kukumbuka magunia.

— Rudisha, ikasema sauti moja nzito.

Alikuwa mmoja wa vijana wa jezi, pale mlangoni.

— Rudisha pale amepanda mgongoni. Nimeona kitu.

— Aliona nini? — Ni mamake! — Zimwi linakuwaje mamake? — Ndio maana aliwekwa kwa kikapu! — Na babake basi? — Mwache arudishe kwanza! — Maiki, rudisha!

Ukumbi mzima ulikuwa umesimama, lakini hakuna aliyekuwa akielekea mlangoni. Dalmas alikuwa juu ya benchi akieleza habari za vivuli kwa watoto wasiomsikiliza. Gedion akarudisha picha nyuma, na zimwi likainama tena.

Nje, kundi jingine la vijana lilikuwa limefika kwa ajili ya mpira, likagonga mlango, likauliza mbona mechi imeshaanza na haijawekwa. Celestine akafungua upenyo mdogo, akauziba kwa bega lake, rimoti imesahauliwa kwenye kiti.

— Ngojeni nje, akawaambia. Bado hatujajua mtoto ni wa nani.